Mtoto akikuiga makofi: watafiti wanajuaje kinachotokea ubongoni?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi 9, naishi Tanga. Nikipiga makofi mwanangu ananitazama, kisha naye anapiga. Mtoto wa wifi yangu ametimiza miaka 2, hapigi makofi, hapungi mkono, na maneno bado. Kuna mtu amemwambia wifi kwamba "neuroni za kioo" za mtoto huyo hazikukua, na kwamba kipo kipimo cha kichwa kinachoonyesha hilo, kwa pesa nyingi. Naomba unieleze: mtoto huzaliwa na neuroni hizo au zinakuja baadaye? Na watafiti wanajuaje, ilhali mtoto mchanga haulizwi akajibu?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na lile linalomgusa wifi yako, kwa sababu lina pesa na machozi ndani yake. Hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kuonyesha kwamba neuroni za kioo za mtoto fulani zimekua au hazikukua. Hakipo Tanga, hakipo Dar es Salaam, hakipo London. Pesa hiyo asiitoe. Mtoto mwenyewe anahitaji kuonwa, tena mapema, ila kwa jambo jingine, na nitalirudia mwishoni. Ukishaelewa watafiti wanavyofanya kazi, utaona mwenyewe kwa nini aliyemwambia vile amesema asichokijua.

Neuroni ni seli ya ubongo inayopeleka habari kwa mishtuko midogo ya umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Parma, Italia, Giacomo Rizzolatti na wenzake walikuwa wakichunguza kima aina ya makaka. Waliingiza waya mwembamba sana kwenye sehemu ya gamba la ubongo inayoandaa miondoko ya mkono na mdomo, sehemu inayojulikana kama F5, wakawa wanasikiliza seli moja moja. Kima akiokota kitu, seli inalia, yaani inatoa mishtuko yake ya umeme. Hilo lilitarajiwa. Ambalo halikutarajiwa ni kwamba baadhi ya seli zililia pia wakati kima ametulia, mikono haisogei, akimtazama tu mtafiti akiokota. Walichapisha habari hiyo mwaka 1992, na katika ripoti ya 1996 wakaeleza kwamba kati ya seli 532 walizozisikiliza, 92 zilikuwa na tabia hiyo: kutenda na kutazama kwake ni mamoja. Ndizo zikaitwa neuroni za kioo. Mwaka 2002 kundi hilohilo likaonyesha kwamba zipo zinazoitika hata kwa sauti, kima akisikia karanga inavunjwa bila kuiona.

Ziangalie tena hizo namba, 92 kati ya 532. Hata pale zilipo, wengi wa jirani zao si neuroni za kioo, na kwa sura huwezi kuzitofautisha. Huijui mpaka uisikilize yenyewe, peke yake, kwa waya ulio ndani ya ubongo, mara mwenye ubongo akitenda na mara akitazama. Waya huo hatumwingizii mtoto wa mtu kichwani kwa udadisi wetu. Hata kwa watu wazima, rekodi ya namna hiyo ilipatikana Los Angeles kwa wagonjwa 21 wa kifafa kisichosikia dawa, ambao madaktari walikuwa wameshawawekea nyaya ili watafute kifafa kinaanzia wapi kabla ya upasuaji. Roy Mukamel, Itzhak Fried na wenzao waliwaomba wagonjwa hao washike vitu na watazame wengine wakishika, wakasikiliza seli 1,177, na baadhi zikaonyesha tabia ya kioo. Hiyo ni ripoti ya 2010. Nyaya zilikuwa pale ugonjwa ulipozihitaji, kwa hiyo zile sehemu zinazolingana na F5 ya kima hazikuguswa.

Basi kila unachosoma kuhusu neuroni za kioo za mtoto mchanga kimepatikana kwa kukaa nje ya nyumba na kusikiliza dirishani. Dirisha linalotumika zaidi ni kipimo cha EEG, yaani kofia ya wavu yenye vifundo vingi vinavyogusa ngozi ya kichwa na kusoma umeme mdogo unaopenya nje. Haiumi, haitoi mionzi. Vifundo hulowekwa kwenye maji ya chumvi, mtoto anapakatwa na mama yake, mbele yake mtu anaokota mdoli, na kompyuta inaandika.

Wanachokitafuta kinaitwa mawimbi ya mu. Juu ya sehemu ya ubongo inayotawala mikono, mtu akiwa ametulia, umeme hupanda na kushuka kwa mpigo: mara 8 hadi 13 kwa sekunde kwa mtu mzima, kama mara 6 hadi 9 kwa mtoto mchanga. Anapoanza kusogeza mkono, mpigo huo hufifia. Fikiria darasa la kwanza linaloimba "a, e, i, o, u" kwa pamoja. Hata ukipita barabarani unalisikia. Mwalimu akiwapa kila mmoja hesabu yake, barabarani unasikia mnong'ono tu, lakini humo ndani ndiko kazi inakofanyika. Kufifia kwa mu ni dalili kwamba seli za pale zimeacha kuimba pamoja, zimeshika kazi. Na tangu 1954 Mfaransa Henri Gastaut na mwenzake walikuwa wameona kwamba mawimbi hayo hufifia pia kwa mtu aliyekaa kimya akimtazama mwingine akitenda jambo kwenye filamu. Miaka karibu 40 kabla ya Parma. Walipoyasoma tena, watafiti wa watoto wakasema: dirisha letu ndilo hili.

Mwaka 2009, Victoria Southgate na wenzake wa Birkbeck, London, waliwavisha kofia hiyo watoto wa miezi 9, umri wa mwanao. Mawimbi ya mu yalififia watoto walipofikia kitu wenyewe, na yakafifia walipomwona mtu akikifikia. Kizuri zaidi, baada ya kuona kitendo kilekile mara kadhaa, yalianza kufifia kabla mkono haujatokea. Mtoto alikuwa anautarajia. Nafikiri mama yeyote aliyewahi kuinua kijiko mbele ya mtoto wa umri huo akaona mdomo umeshafunguka hatashangaa, lakini kuliona likiandikwa na mashine ni jambo lingine.

Hata hivyo ni lazima nikwambie udhaifu wa dirisha hili, maana ndipo wauza vipimo wanapojificha. Kisogoni, kwenye sehemu ya kuona, kuna mawimbi mengine yanayoitwa alfa yenye mpigo karibu uleule, nayo hufifia mtu anapokazia macho kitu. Kichwa ni kidogo, umeme unasambaa. Mtoto akivutiwa tu na mdoli, kifundo cha katikati ya kichwa kinaweza kusoma habari za kisogo. Hannah Hobson na Dorothy Bishop wa Oxford walilionyesha hilo kwa watu wazima mwaka 2016, wakaonyesha pia kwamba jibu hubadilika kutegemea umelinganisha na utulivu wa aina gani. Mwaka huohuo Nathan Fox na wenzake walijumlisha tafiti 85 wakakuta kwamba kufifia kwa mu wakati wa kutenda na wakati wa kutazama ni jambo la kweli. Mimi naona wote wako sahihi. Wastani wa watoto wengi unasema kitu; mstari wa mtoto mmoja, siku moja, aliyelia mara mbili na kuvuta kofia, hausemi kitu. Isitoshe, mu hutoka kwa mamilioni ya seli kwa mkupuo. Ikififia, haikwambii ndani ya umati huo neuroni ya kioo ni ipi, wala kama ipo.

Kuna kazi nyingine usiyoisikia kwenye habari. Mtoto akitazama mtu anaokota, mara nyingi naye hutikisa mikono. Ukihesabu sekunde hizo umejidanganya: mu imefifia kwa sababu ametenda, na wewe unaandika kwamba ametazama. Kwa hiyo video ya kila mtoto hukaguliwa kipande kwa kipande, na kila sehemu aliyosogea hutupwa. Watoto wengi huishia bila vipande safi vya kutosha, wakaondolewa kabisa kwenye hesabu.

Sasa tuje kwenye kukua. Kuona kwamba jambo lipo katika miezi 9 hakukwambii limetoka wapi. Watafiti waliobana swali hili vizuri, kwa maoni yangu, ni wale walioacha kuhesabu miezi ya mtoto wakaanza kuhesabu alichofanya kwa mikono yake. Michiel van Elk na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, mwaka 2008 waliwaonyesha watoto wa miezi 14 hadi 16 video za watoto wenzao wanaotambaa na wanaotembea. Wengi wao kutambaa walikujua sana, kutembea ndio kwanza. Kufifia kwa mu kulikuwa kukubwa zaidi kwa kutambaa, na kulikwenda sambamba na muda ambao mtoto mwenyewe ameshatambaa.

Msomaji makini atasema: huenda aliyetambaa mapema ana ubongo uliokomaa mapema, basi. Ni pingamizi la haki, na dawa yake ni kumfundisha mtoto kitu ambacho hakuna mtoto anayekijua. Markus Paulus na wenzake, hukohuko Nijmegen, mwaka 2012 walitoa kayamba ndogo yenye sauti yake ya pekee kwa watoto wa miezi 8, wakaichezea nyumbani dakika chache kila siku kwa juma moja. Sauti ya pili watoto waliisikia tu kutoka kwa wazazi, bila kuitoa wenyewe. Ya tatu hawakuwahi kuisikia. Waliporudi maabara wakavalishwa kofia na kusikilizishwa zote tatu, mu ilififia zaidi kwa ile sauti waliyoitoa kwa mikono yao. Umri ni mmoja, watoto ni walewale, masikio yaleyale. Kilichotofautisha ni mkono uliotikisa. Nikitakiwa kumfundisha mwanafunzi utafiti mmoja tu wa eneo hili, namfundisha huu.

Njia nyingine haigusi kichwa kabisa; inafuata macho. Kwenye skrini mtu anahamisha mipira kuiweka ndooni, na kamera inarekodi jicho la mtazamaji linatua wapi na lini. Jicho la mtu mzima hutangulia ndooni kabla ya mpira. Terje Falck-Ytter na wenzake wa Uppsala, Sweden, mwaka 2006 walikuta watoto wa miezi 12 hutangulia vilevile, wa miezi 6 hufuata nyuma. Na mipira ikisogea yenyewe bila mkono, hata wakubwa hawatangulii. Mtoto wa miezi 6 bado hajaanza kutia vitu kwenye vyombo. Na Jessica Sommerville, Amanda Woodward na Amy Needham, Wamarekani, waliwavisha watoto wa miezi 3 glavu zenye velkro (kile kitambaa kinachonatana chenyewe kwa chenyewe), na vidoli vyenye velkro pia, kwa hiyo mtoto ambaye hajui kushika akipapasa tu kidoli kinaganda mkononi. Baada ya mchezo huo mfupi, walipomtazama mtu akifikia vitu walishtuka pale alipobadili kitu anachokifuata. Wenzao walioanza kwa kutazama, kabla ya kuvaa glavu, hawakushtuka. Hiyo ilikuwa 2005.

Sasa, mtoto huzaliwa nazo? Hapa wataalamu wamegawanyika, na ugomvi wao ni mzito. Upande mmoja unasema kioo kinakuja na mtoto, kazi ya malezi ni kukinoa. Nguzo yao ya zamani ni Andrew Meltzoff na Keith Moore, walioripoti mwaka 1977 kwamba watoto wa wiki 2 hadi 3 huiga mtu anayetoa ulimi au kufungua mdomo. Pier Francesco Ferrari, aliyetoka maabara ya Parma, mwaka 2006 akaripoti jambo kama hilo kwa vitoto vya makaka vya siku chache tu. Lakini mwaka 2016 Janine Oostenbroek na wenzake, Australia, waliwafuata watoto 106 kwa zamu nne, katika wiki ya 1, 3, 6 na 9, wakawaonyesha vitendo 11, si viwili. Watoto walitoa ndimi sana, kweli, ila walizitoa hata walipoonyeshwa vitu vingine kabisa. Kuiga hakukuonekana. Meltzoff na wenzake walijibu kwamba jaribio lilikuwa na kasoro, na mjadala bado una moto.

Upande wa pili, unaoongozwa na Cecilia Heyes wa Oxford, unasema neuroni za kioo hutengenezwa. Mtoto anakunja ngumi huku akiiona ngumi yake: seli ya kutenda na seli ya kuona zinalia kwa wakati mmoja, mara elfu, mpaka zinafungamana. Uso wake haoni, ndiyo. Lakini anatabasamu na wewe unatabasamu, anakunja uso na wewe unamkunjia, na hapo wewe ndiye kioo chake. Nadharia hii ina ushahidi ninaoupenda kwa sababu ungeweza kuivunja. Mwaka 2007 Caroline Catmur, Heyes na Vincent Walsh waliwafunza watu wazima kinyume: ukiona kidole cha shahada kinasogea, sogeza kidole kidogo, na kinyume chake. Kisha wakasisimua ubongo wao kwa sumaku na kupima msuli upi unajiandaa wanapotazama tu. Baada ya mafunzo, kuona kidole cha shahada kukaamsha zaidi msuli wa kidole kidogo. Kioo kiligeuzwa kwa mazoezi. Kitu kilichofungwa tangu kuzaliwa kisingegeuka kirahisi hivyo.

Na kuna lile la Reading, Uingereza. Holly Rayson, Lynne Murray na wenzao waliangalia kina mama wakicheza na watoto wa miezi 2, wakaandika ni mara ngapi mama anairudishia sura ya mtoto. Watoto walipofika miezi 9 wakavalishwa kofia ya EEG. Wale walioigwa zaidi na mama zao walionyesha mu inayofifia zaidi walipotazama nyuso. Angalia vizuri mwelekeo wake: mama alimwiga mtoto, miezi 7 kabla.

Nikiulizwa mimi, naegemea upande wa kutengenezwa, kwa sharti moja. Mwaka 2009 Emiliano Ricciardi na wenzake wa Pisa waliwapima kwa MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, watu waliozaliwa vipofu. Wakisikia sauti za vitendo vya mikono, sehemu zilezile za ubongo zinaamka kama za wenye macho. Na mwaka 2007 Valeria Gazzola na wenzake waliwapima watu wawili waliozaliwa bila mikono, wakitazama mkono ukishika kitu. Zikaamka sehemu za miguu na mdomo wanazotumia wao kushikia. Ubongo unaonekana kuja na mpango wa kuunganisha kuona au kusikia na kutenda. Unachounganisha na nini, hicho maisha ndiyo yanajaza.

Nina jambo moja linaloniuma hapa. Karibu watoto wote niliowataja ni wa Ulaya, Marekani na Australia. Kofia za EEG zenyewe zilibuniwa kwa nywele laini. Kwa nywele zetu, na zaidi zikisukwa, vifundo havikai vizuri kwenye ngozi, na wapo watafiti Marekani, Arnelle Etienne na wenzake, waliolazimika kubuni vibanio vipya kwa ajili hiyo. Wakati swali lenyewe lingejibiwa vizuri Afrika Mashariki. Charles Super aliishi na Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, akaandika mwaka 1976 kwamba mama zao huwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, hata kuwachimbia kishimo ardhini cha kumkalisha mtoto. Na watoto hao walikaa na kutembea kama mwezi mmoja kabla ya Wamarekani. Kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwatangulia Wamarekani. Kama kioo kinafuata alichofanya mtoto, mtoto wa Kokwet angeonyesha kioo cha kukaa na kutembea mapema, na cha kutambaa kwa wakati wa kawaida. Ningetoa mengi kuuona utafiti huo unafanyika.

Turudi kwa wifi yako. Maneno aliyoambiwa yametokana na nadharia ya "vioo vilivyovunjika" iliyovuma katikati ya miaka ya 2000, iliyodai kwamba usonji (autism) unatokana na neuroni za kioo mbovu, kwa kutumia mawimbi hayahaya ya mu. Antonia Hamilton wa London alipozipitia tafiti hizo kwa pamoja mwaka 2013 hakukuta ushahidi wa kutosha wa kuibeba nadharia hiyo. EEG hospitalini ina kazi yake, hasa kifafa. Kazi ya kuhukumu neuroni za kioo haina.

Lakini mtoto wa miaka 2 asiyepunga mkono, asiyepiga makofi na asiye na maneno, asisubiriwe kwa kuambiwa "wavulana huchelewa" au "baba yake naye alichelewa". Aende na kadi yake ya kliniki kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, aonwe na daktari wa watoto. Cha kwanza waombe masikio yapimwe kwa vifaa, maana mtoto asiyesikia vizuri anaweza kugeuka ukiita kwa sababu tu ameona kivuli chako. Wakiona haja, watamwandikia rufaa ya Muhimbili. Mwambie wifi arekodi kwa simu video fupi tatu au nne nyumbani: anavyokula, anavyocheza na wenzake, anavyoomba kitu anachokitaka, kama ananyoosha kidole au anakushika mkono akupeleke. Daktari atapata zaidi kwenye video hizo kuliko kwenye dakika 10 za mtoto anayelia chumbani kwake. Na wakati wanasubiri tarehe, wifi akae sakafuni na mtoto, afanye kile mtoto anachofanya: akigonga sufuria, naye agonge, kisha anyamaze kidogo amtazame. Ni mchezo usiohitaji pesa ya mtu.